Dubu na hesabu za tumbo lake

Picha ya dubu inayopendwa ni ileile: kasimama kwa miguu miwili, kinywa wazi, meno nje. Imenichosha. Dubu akisimama hivyo, mara nyingi anataka kuona mbali na kunusa upepo. Hizo hasira kapewa na mpiga picha.

Kinachomtawala dubu wa kahawia ni tumbo. Kule Alaska ana miezi michache tu ya kuweka akiba ya mafuta, kisha anaingia shimoni kupitisha baridi, miezi mitano au zaidi, hali, hanywi, hakojoi. Madume wa visiwa vya Kodiak, hukohuko Alaska, wapo wanaozidi kilo 600, na huo uzito hauji kwa kula ovyo.

Nenda Julai kwenye maporomoko ya Brooks, katika hifadhi ya Katmai, Alaska, samaki aina ya samoni wakipanda mto kwenda kutaga. Dubu anasimama ukingoni, shingo kaitanguliza, anangoja samaki aruke amdake hewani. Samaki wakiwa wachache, anamla mzima. Wakiwa tele, anambana kwa kucha, anachuna ngozi, anaila pamoja na ubongo na mayai, yaani penye mafuta, na minofu anaiachia maji. Wapo watakaouita ufujaji. Mimi naona mlaji anayejua nafasi ya tumboni ina mpaka, na shakwe walio chini ya mto hawalalamiki.

Hata samoni si lazima. Mwaka 2014 matunda mekundu ya kichaka cha elderberi yaliwahi kuiva Kodiak wakati vijito bado vimejaa samaki. Dubu wakawaacha samaki, wakapanda vilimani kula matunda.

Uzazi nao unafuata hesabu hizohizo. Jike hupandwa mwanzoni mwa kiangazi, lakini mimba haijishikizi hadi vuli, na akiwa hana mafuta ya kutosha, haishiki kabisa. Watoto huzaliwa shimoni katikati ya baridi, kila mmoja kama nusu kilo. Madume huweza kuwaua, ndiyo maana mama mwenye watoto haguswi.

Sisemi asogelewe. Katmai mgeni hutakiwa kukaa mita 45 hivi kutoka kwa dubu, na wengi hudhani sheria hiyo inamlinda mgeni peke yake. Lakini dubu aliyefukuzwa mtoni na wapiga picha, samaki wakiwa wanapita, kapoteza mlo ambao Februari, akiwa shimoni, hana pa kuutafuta.