Aliye kwenye picha ya kwanza ni duma

Makala yenu ya mitindo inasifu magauni ya madoa ya chui, lakini kitambaa cha picha ya kwanza ni cha duma: vidoa vya mviringo, vyeusi tii, kila kimoja peke yake. Madoa ya chui mgongoni na ubavuni ni mafungu ya vipande vyeusi vilivyozunguka sehemu iliyokolea rangi kuliko manyoya ya nje. Ukiona na vitone ndani ya duara, huyo ni jagwa, paka mkubwa wa Amerika. Viwanda vingine huwachanganya wote watatu kwenye jora moja.

Koti la 1962 la Jackie Kennedy, mke wa rais wa Marekani, mlilolitaja lilikuwa ngozi halisi ya chui. Tangu 1975 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unazuia biashara ya ngozi hiyo kuvuka mipaka, ingawa nyara za uwindaji zina mgao wake.

Sasa mnaoshona manyoya bandia: weka mkasi pembeni. Kata kwa wembe upande wa nyuma, tabaka moja moja, upasue kitambaa cha chini tu, maana mkasi hunyoa manyoya na mshono hubaki na upara. Vipande vyote vielekee upande mmoja, manyoya yakilala kwenda chini, la sivyo mgongo utaonekana rangi tofauti na kifua. Ukimaliza, chomoa kwa sindano nene manyoya yaliyonaswa kwenye mshono. Pasi ya moto usiguse kabisa, yatayeyuka. Na kabla ya kukata, sogeza karatasi ya vipimo mpaka madoa makubwa yasiangukie juu ya matiti. Hilo hata mafundi wazuri husahau.