Ugali wa yuro 28

Mtu wa Malindi akienda Italia ana haja gani ya kuogopa? Ndivyo nilivyojiambia. Kwetu Mtaliano si mgeni. Mwaka 1967 walikuwa wameshasimamisha mitambo yao baharini pale Ngomeni, wakarusha setilaiti. Walipochoka kuangalia juu wakauangalia ufuo, wakajenga mahoteli, wakaleta piza na aiskrimu. Mtoto wa Malindi husema "ciao" kabla hajajua kusema "shikamoo", jambo ambalo marehemu nyanya yangu hakulisamehe mpaka anaingia kaburini. Mimi mwenyewe nilifua mashuka ya hoteli miaka sita nikisikiliza Kiitaliano asubuhi mpaka jioni. Kwa hivyo nilipopata kazi Bergamo, kaskazini kule karibu na milima, ya kutunza mzee (wenyewe humwita mfanyakazi kama mimi badante), niliwaaga watu kwa maringo. Wengine wangehangaika na lugha. Mimi?

Kumbe Kiitaliano changu kilikuwa cha ufuoni. Kina maneno ya bei, ya taulo, na ya kumwambia mtu kwamba ni mrembo ili anunue kikoi. Adabu hakina hata chembe. Siku ya kwanza nikaingia chumbani kwa bibi wa miaka 86 nikamwambia, "Ciao bella, tutto a posto?" yaani, mambo mrembo, kila kitu shwari? Mwanawe wa kiume akakohoa. Baadaye akanieleza taratibu kwamba mkubwa usiyemzoea husemeshwa kwa "Lei", yaani unamsemesha kana kwamba unamsengenya mtu aliye chumba cha pili. Bibi mwenyewe hakukasirika. Nadhani hakuwa ameitwa bella tangu mumewe afe.

Tulikosana kwa neno jingine. Watu wa Bergamo wana lahaja yao, ambayo hata Wataliano wa kusini hawaambulii kitu, na ndani yake mna neno "pota". Mvua ikinyesha, pota. Basi likichelewa, pota. Ni kama sisi tunavyosema "ndo hivyo" au "basi tena". Hakuna aliyenieleza. Nampelekea bibi kahawa, ananitazama, anatikisa kichwa: "Pota!" Namvisha soksi: "Pota!" Nami sikio langu la Kiswahili linasikia "potea!" Siku ya tatu nikafunga sanduku nikampigia mwanawe simu, nikamwambia mama yako kanifukuza mara nne na hata saa nne asubuhi haijafika. Alicheka mpaka akalazimika kuegesha gari.

Haya yote ni utangulizi. Aibu yenyewe ilikuja Novemba, ukungu umeziba madirisha, na mimi nimeshikwa na hamu ya ugali. Tambi nilikuwa nimezila mpaka nikawa naziota. Mwanamke mmoja niliyezoea kukaa naye ndani ya basi akaniambia, mbona unateseka, polenta ndiyo ugali wenu, tena watu wa kusini hutucheka sisi wa huku kwa kutuita polentoni, wala-polenta. Nikasikia raha. Kumbe nimekuja kwa ndugu zangu! Papo hapo nikaalika watu chakula cha mchana Jumapili: kaka mmoja wa Tanga anayechomelea vyuma kule Brescia, na mama mmoja wa Bukavu na mumewe, wanaofanya usafi hospitalini. Nikawaambia samaki wa nazi na ugali. Kaka wa Tanga akanyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza, "Ugali kweli, dada, au wa kubahatisha?" Nikamjibu, "We njoo na tumbo lako."

Jumamosi bibi akanituma mji wa juu. Bergamo ni miji miwili: wa chini wa magari na wa juu wa mawe, umezungushiwa ukuta mnene waliojenga watu wa Venezia, na unapanda kwa kigari kinachovutwa kwa kamba mlimani. Nikawa napita barabara nyembamba ile yenye maduka, na mara miguu ikagoma. Dirishani mmepangwa ugali. Mdogo, wa kati, mkubwa. Wa njano, kama ule wa mahindi ya msaada ya ukame wa 1984 ambayo mama husimulia, umeviringwa vizuri, mgongo laini, kama umepinduliwa sasa hivi kutoka sufuriani. Na juu ya kila mmoja wamekaa vindege vya kahawia iliyokoza, vimebanikwa, vinang'aa mafuta. Kikaratasi kimeandikwa: Polenta e osei. Hiyo osei sikuijua. Polenta niliijua.

Nikawaza, watu hawa wameendelea. Ugali unauzwa umeshasongwa, na kitoweo juu!

Nikaingia, nikaonyesha mkubwa wa saizi yao. "Unatosha watu watano?" Muuzaji akasema, "Hata wanane, signora." Nikautazama tena. Kaka wa Tanga peke yake angeumaliza akauliza mwingine uko wapi. Lakini bei ilikuwa yuro 28, zaidi ya shilingi elfu nne za kwetu, na kwa pesa hizo Malindi ningesongea ukoo mzima wiki mbili. Nikafumba macho nikalipa.

Sasa nisikilize, maana hapa mtu mwenye akili zake angeshtuka. Muuzaji aliuweka ugali juu ya sinia ya karatasi ya dhahabu. Sikushtuka. Akaufunika kwa karatasi yenye maua, akaufunga kwa utepe, akauvuta utepe kwa makali ya mkasi mpaka ukajikunja kama nywele za bibi harusi. Nani alishafungiwa ugali kwa utepe? Sikushtuka. Akauliza, "Ni sikukuu ya kuzaliwa?" Nikamwambia hapana, ni chakula cha mchana. Akanitazama kwa heshima kubwa. Mwisho akaniambia niuweke friji, na hapo nikamdharau kabisa. Ugali wa friji ni kiporo. Hajui kazi yake, nikasema moyoni. Ndani ya kile kigari cha kamba nikafungua karatasi kidogo, nikapiga picha, nikamtumia mama Malindi: "Ona ugali wa Italia."

Jumapili nikaamka na furaha. Samaki nikamkaanga, nikampika kwa tuwi la kopo, ndimu na ukwaju niliokwenda kuutafuta maduka ya Wahindi. Sukuma wiki haipo, lakini wana kabeji yao nyeusi ya majani marefu, ukiikata nyembamba na kitunguu hutajua tofauti. Ugali nikautoa friji saa sita, nikaunyunyizia maji kidogo kama tunavyofanya kiporo, nikausukuma ndani ya oveni.

Baada ya dakika kumi nyumba ikaanza kunukia lozi. Lozi! Nikakumbuka halua za harusi. Nikachungulia. Ule mgongo wa njano umeanza kutoa jasho. Wale ndege, mmoja kainamisha kichwa, mwingine kalala ubavu, wa tatu anateremka mteremkoni polepole akiacha mstari mweusi nyuma yake. Nikasema, wanono hawa, mafuta yanatoka.

Wageni wakafika, tukanawishana mikono kwa jagi na beseni. Bibi akakaa kichwani mwa meza na leso shingoni. Nikaleta samaki, mboga na pilipili, kisha kwa madaha nikaleta ugali umefunikwa kitambaa, nikafunua.

Bibi akautazama. Akanitazama. Akawatazama samaki. "Pota," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Mimi nikaona ni sifa.

"Karibuni, kateni," nikasema. Kaka wa Tanga ndiye mgeni wa mbali, akatangulia. Akakata tonge, akalifinyanga. Halikufinyangika, lilimnata vidoleni. Akalibonyeza kwa dole gumba, akachota mchuzi wa nazi na kipande cha samaki, akagusa pilipili, akatia kinywani.

Akaacha kutafuna.

Sasa, mtu wa pwani amefunzwa kwao. Chakula cha watu hakitemwi. Nilimwona akiangalia dari. Nikaona koo likipanda, likasita, likashuka. Jasho likamtoka kwenye kipaji. Akanywa maji bilauri nzima, akafuta mdomo, halafu akauliza kwa upole ambao sitausahau: "Dada, unga huu umesagwa wapi?"

Kabla sijajibu, mama wa Bukavu alikuwa ameshachimba mpaka katikati. Ndani ya ugali mlikuwa na tabaka la kahawia, laini, halafu kitu kama sponji, halafu kahawia tena. Akarudisha mkono haraka. "Mama yangu! Hii bugali imeoza mu kati!"

Hapo ndipo bibi alipopasuka. Alicheka mpaka akatoa meno ya bandia akayaweka pembeni ya sahani ili acheke vizuri. Kila akijaribu kusema neno anaona ndege aliyeyeyuka, anaanza upya. Alipopata pumzi akatueleza. Osei kwa lahaja yao ni ndege. Zamani wawindaji wa milima ile walikula polenta na vindege vya kuchoma, chakula hasa cha watu wazima. Halafu mafundi wa keki mjini wakakiiga kwa utamu: ndani keki na krimu ya chokoleti, juu wamepaka lozi iliyosagwa na sukari ikatiwa rangi ya polenta, na ndege ni chokoleti. Watalii hununua kupeleka kwao. Huliwa na kahawa. Haichomwi. Na kwa miaka yote 86, akasema, hakuwahi kumwona mtu akiitia samaki.

Nilitamani sakafu ipasuke. Mume wa mama wa Bukavu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu afike, akauliza tu kama basi la kurudi liko saa ngapi.

Lakini bibi huyu ana mambo yake. Akarudisha meno, akavuta kipande cha ile keki, akakichovya kwenye mchuzi wa nazi makusudi, akatafuna huku amefumba macho. Akachovya tena. Kisha akashika mkongojo akaenda kabatini, akanionyesha sufuria ya shaba nyekundu, kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto, na pakiti ya unga wa njano iliyokuwapo siku zote karibu na chumvi. Siku zote! Kwa miezi miwili nililia ugali nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka unga.

Tukaanza kusonga saa nane mchana, watu wana njaa. Maji yakachemka, unga ukaingia kidogokidogo kama mvua ya rasharasha. Kaka wa Tanga akakamata mwiko, akaanza kuukandamiza ukutani mwa sufuria kama alivyolelewa, na bibi akampiga kofi la mkono. Koroga, usipigane nao! Robo saa, kaka akasema umeiva. Bibi akasema bado. Nusu saa. "Nyanya, kwetu saa hizi tumeshakula na tumelala," kaka akalalamika kwa Kiswahili, na bibi akamjibu kwa lahaja yake, wakaelewana. Saa nzima ikakaribia. Huku anasimamia, bibi akatusimulia kwamba zamani vijijini kwao maskini walikula huo tu, asubuhi, mchana na usiku, bila kitoweo, mpaka wakaugua pelagra, ngozi ikababuka na akili zikawaruka. Mama wa Bukavu kusikia hivyo akavuta bakuli la samaki karibu yake.

Ukapinduliwa juu ya ubao, unafuka moshi, bibi akaukata kwa uzi. Chengachenga kidogo kuliko wa kwetu, lakini ulipogusa mchuzi ule, kaka wa Tanga hakuuliza umesagwa wapi. Hakuuliza kitu kwa dakika ishirini. Keki akaimalizia na kahawa, upande ule ambao haukuguswa na pilipili.

Jioni nikawa naosha vyombo, simu ikalia. Mama. Nilikuwa nimeisahau ile picha. Sauti yake ilikuwa ya furaha, na nyuma yake nawasikia majirani wamejaa barazani.

"Mwanangu, ugali tumeuona, umependeza, kila mtu kausifu. Ila tunabishana hapa. Hao ndege, wamechinjwa?"

Nikaiangalia ile sinia ya dhahabu, na lile tope jeusi lililogandia katikati.

"Mama," nikamwambia, "wameyeyuka."