Deni la tamales na ndimu nane

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akikuta mkate mtamu mezani haulizi umeletwa kwa sababu gani, anatafuta kisu. Basi tarehe 6 Januari 2024, kwenye jiko la mgahawa ninapofanya kazi huku Chicago, mitaa ya Pilsen, wenzangu karibu wote Wameksiko, wakaja na mkate wa duara mkubwa kama tairi la baiskeli, matunda ya sukari juu, wanauita rosca, ni wa sikukuu ya Wafalme Watatu. Nikakata pande la kifisi. Tonge la pili jino likagonga kitu kigumu, natema mkononi, katoto ka plastiki! Jiko zima yowe, wananipiga mabegani, wananikumbatia, na mimi nimenyanyua mikono juu kama nimeshinda bahati nasibu. Kumbe kwao anayekutana na hako katoto ndo anawalisha wenzake tamales, yaani donge la mahindi lenye kitu ndani, linafungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, tarehe 2 Februari, sikukuu yao ya Kikatoliki ya Candelaria. Yaani nilikuwa nashangilia deni.

Sasa tamales za nyama nyingi ni nguruwe, hata donge lenyewe wanalipiga na mafuta yake, nikawaambia jamani mimi natoa za maharage na mafuta ya mboga, wakasema sawa, za maharage ni za heshima tu. Mama mmoja wa Puebla, huko kwao Meksiko, tunamwita Doña, kama sisi tunavyosema Bi Mkubwa, akaniandikia karatasi kwa Kispania. Mahindi meupe makavu kilo mbili, maharage meusi, maganda ya mahindi ya kufungia, majani ya mparachichi, ndiyo majani, wanayapika na maharage yananukia kama pipi ya kikohozi ila tamu balaa. Halafu kuna neno moja, cal. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila kilo, chemsha na mahindi, acha yalale humo, asubuhi unayafikicha ngozi inatoka yenyewe. Akaniongezea masharti mawili: chini ya sufuria tia sarafu, maji yakichemka itakuwa inagonga gonga, ikinyamaza ujue maji yameisha. La pili, usikasirike mijo, yaani mwanangu, maana tamales zikipikwa na mtu mwenye hasira haziivi, ukijikuta umekasirika zichezee ngoma.

Nikaingiza cal kwenye simu initafsirie. Simu ikajibu kwa Kiingereza, lime. Ah, lime si ndimu hii? Mtoto wa pwani nishindwe na ndimu! Tena kijiko kimoja nikaona ni ubahili, nikanunua nane nikakamulia zote.

Jumatano usiku nyumba nzima inanuka kama banda la mishikaki. Alhamisi nimerudi kazini nayafikicha, ngozi haitoki. Nafikicha tena, inayotoka ni ya kidole changu. Nikasema haidhuru, blenda itayamaliza, ikazunguka kidogo ikaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikatoa moshi, ikanyamaza mpaka leo. Yaliyobaki nikayatwanga kwenye kinu cha kitunguu saumu, punje kumi kumi, saa nzima na nusu, natukana Kidigo na Kiswahili kwa zamu.

Maharage lakini, hapo msinidharau. Nikayapika na yale majani, nikayaponda, nikayakaanga na pilipili, na tui kidogo kwa siri.

Donge sasa. Kipimo chake ni kwamba unachukua kidonge unadondosha kwenye glasi ya maji, kikielea limeshapigika vizuri. Changu kikazama kama nanga. Nikapiga tena, kikazama. Nikabadilisha glasi.

Nikafunga hivyo hivyo, maganda nilikuwa nimeyaroweka yakalainika, nikazipanga wima kwenye sufuria la mvuke, nikatia robo dola chini. Ndo nikakumbuka ile habari ya hasira, na mimi toka blenda ife nimevimba. Kwa hiyo saa tano usiku, nje theluji, mtu mzima nipo mbele ya jiko nakata mdundiko na mwiko mkononi. Sarafu nayo ikaanza, taka taka taka, kama mvua kwenye bati la nyumbani, nikakaa kwenye kochi niisikilize vizuri.

Jamani, kelele ndo humwamsha mtu, kimya hakijawahi kumwamsha mtu. Mimi niliamshwa na king'ora cha moshi, na jirani wa juu anagonga mlango ameshika ndoo ya maji. Za chini mkaa, za juu uji, za katikati ndo hizo nikabeba Ijumaa.

Doña akafungua moja. Ikamwagika kama mchanga. Akaonja, akatafuna muda mrefu sana, krach krach, akaniuliza kwa upole mijo, cal ulitia kiasi gani? Nikatoa kipande cha ndimu mfukoni kumwonyesha. Mama wa watu akateleza na ukuta mpaka sakafuni, anacheka hatoi sauti, anapiga ule ukuta kwa kiganja, "cal! cal!" Chokaa! Kumbe lime ya Kiingereza ni ndimu na ni chokaa pia! Chokaa tunayopaka kuta, kuna ya kula wanaiuza kwenye vipaketi na nilipita mbele yake dukani nikienda kwenye ndimu. Kwetu makande yakigoma tunatia magadi, wao wanatia chokaa, akili ni ile ile, na bibi yangu angesikia nimelainisha mahindi kwa ndimu angenirudisha kwenye unyago wa wadogo zangu.

Hakuna aliyelala njaa lakini. Doña alikuwa amekuja na zake themanini ndani ya gari toka asubuhi, eti katoto kalipotoka mdomoni mwangu tu alishajua. Ila maharage yangu waliyachokoa yote kwa kijiko wakauliza nimetia nini, nikawaambia siri ya ukoo.

Mwaka uliofuata, 2025, rosca ikaja tena, nikakata kipande chembamba kama wembe, naangalia pembeni, kamguu keupe kananichungulia. Nikakasukuma ndani kwa kidole, nikairudisha sahani mezani. Tarehe 6 iliangukia Jumatatu, nikawaambia samahani jamani, leo nimefunga sunna.