Waya hauulizi Muungano, mwanasheria ndiye anayeuliza

Bunge la bajeti likikaa hapa Dodoma, hoja za Muungano hurudi vijiweni, kuanzia Majengo hadi Area C. Wapo wanaotaka kila upande ubaki na chake, na wapo wasiotaka hata jambo lenyewe liguswe. Mimi husubiri mtu aulize habari za umeme. Haulizi mtu.

Unguja hupata umeme kutoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari: ya kwanza ya mwaka 1980, kisha ya megawati 100 iliyokuja 2013. Pemba imeungwa kutokea Tanga tangu 2010. TANESCO, shirika la umeme la bara, huuza kwa jumla; ZECO, shirika la Zanzibar, hununua na kuwasambazia wananchi. Lakini umeme si jambo la Muungano, yaani haumo kwenye orodha ya mambo yanayosimamiwa kwa pamoja. Ni biashara ya mashirika mawili yaliyo chini ya serikali mbili. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliiagiza TANESCO iwakatie wadaiwa sugu, Zanzibar ikiwemo, ambayo deni lake lilikuwa limepita shilingi bilioni 100. Ndani ya ugomvi huo kulikuwa na VAT ya asilimia 18, ambayo Zanzibar iliilalamikia. Hakuna aliyekuwa amejitoa popote. Tulikuwa ndani ya Muungano, tukigombana kama wapangaji wanaochangia mita moja ya LUKU.

Uingereza, kwa upande wake, ilitoka kweli kwenye Umoja wa Ulaya. Watu walitishana kwamba taa zingezimika, hazikuzimika. Waya wa megawati 2,000 unaoiunganisha na Ufaransa tangu 1986 uliendelea kupitisha umeme. Kilichovurugika, kuanzia Januari 2021, ni namna ya kununua. Awali soko la pamoja lilipanga kwa mpigo mmoja bei ya umeme na nafasi ya kuupitisha. Baada ya kutoka, kampuni ikabidi zinunue nafasi kwenye waya kwanza, kisha umeme wenyewe, huku zikibahatisha bei ya upande wa pili. Ukikosea, umeme unaweza kutoka kwenye bei kubwa kwenda kwenye bei ndogo, na hasara ni yako. Uingereza ikalazimika pia kuanzisha soko lake la vibali vya hewa ukaa, ambavyo kampuni hulipia ili ziruhusiwe kutoa moshi huo. Ireland Kaskazini ndiyo inayonichekesha: kwenye umeme iliachwa ndani ya soko moja la kisiwa kizima cha Ireland, lililoanza 2007, maana kulikata kungeumiza pande zote mbili.

Kwa hiyo naona kubaki ni nafuu kwa kampuni za nishati. Ila kubaki bila kujua nani anasaini nini nako kuna gharama zake, na hapo sisi hatujajisafisha.

Chukua gesi. Mafuta na gesi asilia bado yamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, namba 15, katika nyongeza ya kwanza ya Katiba. Sheria ya Petroli ya 2015 ikairuhusu Zanzibar isimamie ya kwake, nayo mwaka 2016 ikatunga sheria yake, na 2018 ikasaini mkataba na RAK Gas, kampuni ya Ras Al Khaimah huko Falme za Kiarabu, kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Binafsi nafurahi Zanzibar kupata nafasi hiyo. Lakini mwanasheria wa mwekezaji, kabla benki yake haijatoa hata senti ya kuchimba kisima, atasoma Katiba kwanza, kisha sheria, halafu atauliza kipi kinashinda mahakamani. Jibu lisiponyooka, ataongeza riba, au ataondoka. Wabunge wako hapa hapa Dodoma. Namba 15 waifute au waitetee hadharani, tujue.