Pua Nayo Ipewe Haki Yake

Mtu mzima, mwenye heshima zake, kashika glasi ya bia niliyoipika nyumbani na kummiminia mwenyewe, kanusa, kacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kaitangazia baraza nzima: "Huyu kaitia pafyumu!" Basi kicheko kikapokewa. Mwingine akauliza kama nawauzia maharusi. Pale Raskazone nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake. Hapa sinyamazi.

Kucheka wacheke. Linalonikera ni kwamba waliocheka ni watu wa Tanga. Watu ambao hawavai nguo ya sherehe mpaka ifukizwe udi, wanaojua kikuba kilichofungwa jioni na kilicholala, wanaoweza kukwambia nyumba ya nani imechoma ubani leo na wao wako mtaa wa pili. Watu hao hao wakishika bia, pua wanaipeleka likizo! Bia kwao ina sifa mbili: iwe chungu, iwe baridi. Sifa ya tatu huulizwa kwa sauti ya chini: "Inalewesha lakini?"

(Msiokunywa, leo mnisamehe. Wiki ijayo naandika habari za pweza.)

Sasa niseme na wenzangu mnaopika bia majumbani, mnaotaka kuloweka hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kwa mara ya kwanza na mmetishwa na wataalamu wa vijiweni. Hopsi kwenye bia zina kazi mbili, na kazi hizo zinagombana. Uchungu unatoka kwenye asidi za ua lile, na asidi hizo hazitoi uchungu wa maana mpaka zichemke sana, saa nzima hivi. Harufu inatoka kwenye mafuta yake, na mafuta hayo yakichemka yanapaa na mvuke. Ile harufu tamu inayojaa jikoni wakati sufuria inatokota, inayowafanya majirani waulize unapika nini, ndiyo harufu ambayo bia yako haitakuwa nayo. Umewagawia majirani. Ndiyo maana hopsi nyingine huwekwa mwisho kabisa, bia ikiwa imekwisha kuchacha na kupoa, bila moto. Zinalowa, mafuta yanaingia, uchungu hauongezeki sana. Harufu ya machungwa, ya maua, ya msonobari, kutegemea aina. Pafyumu, ndiyo! Mzee alisema kweli bila kujua.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya wazungu wenye vitambaa shingoni. Uchungu wa mmea kwenye pombe hatukufundishwa na mtu. Wachaga wanatia gome la msesewe kwenye mbege, na hakuna anayewaita washamba wala wazungu. Tena huku kuloweka hopsi si fasheni ya juzi. Karne ya 19 Waingereza walikuwa wanatia hopsi kavu kwenye mapipa ya bia iliyokuwa inasafirishwa kwenda India, miezi baharini, kwenye joto kama hili letu. Kwa hiyo ukiniambia "Tanga joto sana kwa mambo hayo", nakuuliza: kuliko tumbo la meli?

Haya, joto lipo, nakubali kwa shingo upande. Hamira nyingi za eli, ile bia isiyohitaji baridi kali kuchacha, zinataka nyuzi 18 mpaka 22, na chumba changu saa nane mchana hakijawahi kuzisikia. Weka ndoo kwenye beseni la maji, ivishe kanga iliyolowa, ielekezee feni. Au tafuta hamira ya kveik, ya wakulima wa Norway, ambayo kwa maajabu ya Mungu hufanya kazi yake vizuri hata kwenye nyuzi 35. Nchi ya theluji imetutengenezea hamira ya Ngamiani, hapa hapa Tanga.

Maelekezo mengi ya zamani yanasema hopsi zikae wiki nzima, wengine wiki mbili. Ya nini? Sehemu kubwa ya harufu inatoka ndani ya siku mbili, na kwenye joto letu haichelewi. Ukiziacha zaidi unaanza kupata ladha ya majani mabichi, kama umelamba bustani. Kwa ndoo ya lita 20, gramu 60 zinamtosha anayeanza. Nawaona vijana wanaomwaga pakiti nzima, halafu nusu ya bia inanyonywa na maua na kubaki kwenye tope la chini, halafu wanalalamika hopsi ni ghali. Ni ghali kweli. Zinakuja kwa mtu anayesafiri, zinakaa kwenye basi kutoka Dar es Salaam na jua lote lile, na usipozitia kwenye friza siku hiyo hiyo zitaanza kunuka jibini. Aliyependekeza tuzipande Lushoto kwa kuwa kuna baridi, shukrani, lakini mmea ule unataka mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini, na sisi mchana wetu ni saa 12 hivi, masika na kiangazi.

Vijidudu? Watu wanaviogopa bure. Bia iliyokwisha kuchacha ina kileo na uchachu wake wa kujilinda. Ogopa hewa. Fungua mfuniko, tumbukiza, funga. Usikoroge, usichungulie kila baada ya swala kama mtu anayesubiri mayai yaanguliwe. Oksijeni ikiingia, ile rangi ya dhahabu inakuwa ya chai na harufu uliyoilipia inageuka boksi lililolowa.

Na msiharakie kutia kwenye chupa. Hili nalisema bila mzaha. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokatakata sukari ambazo hamira ilikuwa imezishindwa, na hamira iliyokuwa imelala inaamka ikakuta chakula. Ukifunga chupa wakati huo umetengeneza bomu, na vioo havichagui jicho la mkubwa wala mtoto. Pima kwa haidromita, kile kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, leo, pima tena baada ya siku mbili tatu. Namba ikisogea, subiri.

Halafu inywe mapema. Harufu hii haihifadhiki. Anayeificha bia ya hopsi uvunguni akingojea Krismasi atafungua chupa ya kumbukumbu. Na ukienda kunywa, tafadhali, achana na lile swali la baa zetu, "ya moto au ya baridi?" Hii si ya moto, wala si ile ya kuumiza meno. Baridi kali inaifunga harufu kabisa. Itoe kwenye friji, iache ipumue kidogo kwenye glasi (glasi, si kunywea chupani, pua yako haiingii kwenye chupa), ndipo unywe.

Nimeshaambiwa nitumie mchaichai au maganda ya machungwa ya Muheza badala ya kuhangaika na maua ya watu. Nitajaribu, wala sijakataa. Ila yule aliyenitumia ujumbe usiku kunishauri niongeze kilo moja ya sukari "ili ishike", asijisumbue tena.