Takwimu za Vipimo Vingi Zianze Machoni, Fomula Zifuate

Mwezi uliopita kijana mmoja anayemalizia shahada ya kwanza alinijia nyumbani, hapa Tanga, akiwa na rasimu ya utafiti wake kuhusu nguru wanaoshushwa kwenye mwalo wa Deep Sea. Alikuwa amewapima samaki hao urefu, uzito, mzunguko wa kiwiliwili na upana wa mkia, akaingiza vipimo vyote kwenye programu ya kompyuta, na programu ikamtolea majedwali kumi na moja ambayo aliyabandika yote katika sura ya nne. Nilimuuliza jedwali la kwanza linasema nini kuhusu nguru. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, hapo tulifundishwa kuangalia tu kama namba imezidi moja."

Hakuwa mvivu. Alisoma matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu na mistari ili zikokotolewe kwa pamoja, muhula mzima na mtihani akaufaulu, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha matriksi hizo zinatafuta kitu gani. Ninaamini kosa ni letu sisi tunaofundisha, kwa kuwa tunaanzia kwenye hesabu na kuliahirisha wazo lenyewe mpaka muda unakwisha, ilhali wazo hilo linaweza kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kusimama mwaloni akichagua samaki. Mnunuzi mzoefu hatazami jicho peke yake, wala shavu, wala ulaini wa nyama. Huvitazama vyote kwa pamoja, na mara nyingi kinachomtia shaka ni jinsi kitu kimoja kisivyopatana na kingine.

Kutopatana huko ndiko kiini cha takwimu za vipimo vingi, yaani zile zinazochunguza vipimo kadhaa vya kitu kimoja kwa pamoja. Katika orodha ya kijana yule palikuwa na nguru mwenye urefu wa sentimita 100, na urefu huo ulikuwa wa kawaida miongoni mwa wenzake. Uzito wake ulikuwa kilo 3, nao ulikuwa wa kawaida pia, kwani nguru wengi wadogo zaidi walikuwa na uzito huohuo. Anayekagua safu ya urefu peke yake, kisha safu ya uzito peke yake, hataona kasoro yoyote. Lakini nguru wa mita moja hutazamiwa kuwa na kilo sita hivi au zaidi, na ukimweka kila samaki kama nukta kwenye karatasi ya grafu, urefu ukienda kulia na uzito ukipanda juu, utaona wingu la nukta lililorefuka na kuinama, na huyu mmoja amesimama nje yake peke yake. Prasanta Chandra Mahalanobis, mtakwimu wa Calcutta, alichapisha mwaka 1936 namna ya kupima umbali unaozingatia umbo la wingu la namna hiyo, ili nukta iliyoachana na mkondo wa wenzake ihesabiwe kuwa mbali hata kama kwa rula iko karibu na katikati. Fomula yake ina matriksi iliyogeuzwa, lakini maana yake ni hiyo niliyoieleza, na haikuhitaji alama hata moja.

Vipimo vikiwa vinne hatuwezi tena kuvichora vyote kwenye karatasi. Hapo ndipo inapoingia mbinu iitwayo kwa Kiingereza principal component analysis, ambayo mtakwimu Mwingereza Karl Pearson aliieleza mwaka 1901 na Mmarekani Harold Hotelling akaiendeleza mwaka 1933. Kwa wanafunzi wa pwani huwa naieleza kwa jahazi. Ukilitazama likikujia moja kwa moja, omo mbele, unaona kitu chembamba tu, huwezi hata kukisia urefu wake; likigeuka ubavu, unaona mwili mzima kutoka omo hadi tezi, mlingoti na tanga lake. Jahazi ni lilelile, ila pembe ya pili imekupa habari nyingi zaidi. Mbinu ya Pearson na Hotelling huuzungukia mkusanyiko wa nukta ikitafuta pembe ambayo kwayo nukta hizo zinaonekana zimetawanyika zaidi, kisha hutafuta pembe ya pili inayokutana na ile ya kwanza kwa nyuzi tisini, na kuendelea. Ile namba aliyoambiwa aangalie kama imezidi moja ni kiasi cha mtawanyiko uliobebwa na mwelekeo mmoja. Vipimo vikiwa vimewekwa kwenye mizani sawa, yaani kila kimoja kimepewa mtawanyiko wa moja, kuzidi moja maana yake ni kwamba mwelekeo huo umebeba zaidi ya kile ambacho kipimo kimoja cha awali kingebeba peke yake. Nimelisema kwa sentensi moja, na kijana alikuwa hajawahi kulisikia.

Hiyo mizani sawa nayo si jambo dogo. Uzito ukiandikwa kwa gramu badala ya kilo, namba zake hukua mara elfu, na programu itadhani kwamba mtawanyiko wote wa maana uko kwenye uzito. Hakuna fomula itakayomwonya mtafiti. Anayeelewa wazo ndiye atakayekumbuka kusawazisha kwanza.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba kufundisha hivi ni kuwadekeza wanafunzi. Sikubaliani nao, ingawa nakiri kwamba anayetaka kuunda mbinu mpya au kuandika programu hana njia ya kuikwepa hisabati. Wengi wa wanafunzi wetu watakuwa wasomaji na watumiaji wa matokeo, na matokeo hayo yanagusa maisha ya watu. Katika tafiti za kitaifa za demografia na afya, kama ule uliofanyika mwaka 2022, kaya hupangwa katika makundi matano kuanzia maskini zaidi hadi tajiri zaidi bila kuulizwa kipato. Dodoso huuliza kuhusu sakafu, paa, chanzo cha maji, choo, redio, baiskeli na mali nyingine, kisha mbinu ileile ya kutafuta pembe hutoa alama moja kwa kila kaya. Ofisa wa halmashauri anayelielewa jambo hili anaweza kuuliza swali zito: je, vitu vinavyoonyesha uwezo mjini vinaonyesha uwezo uleule vijijini? Swali hilo limewashughulisha wataalamu kweli, na ndiyo sababu siku hizi alama za mijini na za vijijini hukokotolewa kwanza kila moja peke yake kabla ya kuunganishwa. Kuliuliza hakuhitaji matriksi.

Kijana yule nilimwomba ayaweke majedwali kando na achore grafu ya urefu na uzito kwa mkono, nukta moja moja. Alirudi baada ya siku nne. Nguru wa mita moja alikuwa amezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na kijana alikuwa amefungua daftari lake la mwaloni kwenye ukurasa wa siku ile. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika mwenyewe kisha akasahau: minofu ya ubavu mmoja ilikuwa imeshakatwa na kuuzwa kabla samaki hajafika kwenye mizani.