Idadi ya Safari na Foleni Zikokotolewe Pamoja

Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, wakazi wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728. Anayewapangia barabara hulazimika kufanya hesabu mbili: kukadiria watasafiri mara ngapi, kwenda wapi na kwa chombo gani, kisha kuonyesha safari hizo zitapita barabara zipi na kwa muda gani. Kinachobishaniwa ni kama hesabu ya pili ije baada ya ya kwanza kufungwa, au zote mbili zitatuliwe kwa pamoja.

Utaratibu wa hatua nne (idadi ya safari, mgawanyo wa safari kulingana na zinakokwenda, chombo, kisha barabara zitakazopitwa), uliokomaa Marekani katika miaka ya 1950 kupitia tafiti za miji kama Detroit na Chicago, huzipanga hesabu hizo kwa mfuatano, na una utetezi wa haki. Kila hatua hukaguliwa peke yake, na mhandisi anaweza kuieleza mbele ya madiwani bila kuwachanganya. Watetezi wake huongeza kwamba, katika jiji la daladala, bajaji na bodaboda, takwimu za awali zina makosa makubwa kuliko kosa la kutounganisha hesabu.

Tatizo liko kwenye muda wa safari. Huwezi kukadiria ni wakazi wangapi wa Mbagala watakaokwenda Kariakoo kila asubuhi bila kudhani kwanza watatumia dakika ngapi njiani, na hatua ya mwisho hukuletea dakika nyingine kabisa. Dakika hizo zisipolingana, utabiri mzima unajipinga wenyewe.

Ukubwa wa mkanganyiko huo unaonekana katika kanuni iliyotolewa mwaka 1964 na Idara ya Barabara za Umma ya Marekani, ambayo bado inatumika sana: muda wa ziada ni asilimia 15 ya muda wa barabara tupu, ikizidishwa kwa uwiano wa magari na uwezo wa barabara uliopandishwa hadi kipeo cha nne. Chukua, kwa mfano tu, njia ya dakika 30 inayobebeshwa magari mara mbili ya uwezo wake: muda unafika dakika 102. Ipanue mara mbili huku ukishikilia idadi ileile ya magari, nao utashuka hadi takriban dakika 35, kwa hiyo ripoti itaandika kwamba kila msafiri ameokoa dakika 67. Lakini barabara iliyofunguka huita safari mpya: aliyekuwa akiondoka alfajiri huondoka saa moja, na aliyepanda basi huwasha gari lake. Magari yakiongezeka kwa nusu, muda hurudi dakika 53 na faida hupungua hadi 49. Zile dakika 18 zilizoyeyuka zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa kuwa fedha katika uhalali wa mradi.

Kwa Barabara ya Morogoro jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2016 mabasi ya Mwendokasi yana njia yao kati ya Kimara na Kivukoni, kwa hiyo magari mengi zaidi pembeni hayaongezi sana muda wao wa kwenda, ingawa abiria anayeyaacha mabasi mawili yaliyojaa yapite ameshapoteza muda kituoni. Uamuzi wake wa kesho unategemea kungoja huko na foleni ya pembeni kwa wakati mmoja.

Zana za kuunganisha hesabu hizi si ngeni. Mwaka 1956 Martin Beckmann, C. B. McGuire na Christopher Winsten walionyesha kuwa mahitaji na msongamano vinaweza kutatuliwa kama tatizo moja, na mwaka 1976 Suzanne Evans akatoa njia ya kukokotoa kwa pamoja mgawanyo wa safari na barabara zinazopitwa. Ni kweli kwamba modeli hizi hudhani msafiri anazijua njia zote, dhana isiyomfaa dereva wa daladala aliyefungwa na ruti yake. Lakini hata asiyeziamini anaweza kuurudisha muda uliopatikana mwishoni hadi hatua ya mgawanyo, akachukua wastani na kurudia mpaka tofauti iwe ndogo, kazi ambayo kompyuta ya kawaida ya ofisi huimudu. Na kila ripoti ya mradi ichapishe bega kwa bega muda uliodhaniwa mwanzoni na ule uliopatikana mwishoni, kabla mkopo haujasainiwa.